Maswali ya Wasomaji: Beringi za Konrodi Kwenye Injini za Mwendo Mkali

Barua nyingi safari hii zinahusu beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni), zile ambazo mafundi wengi huziita metali. Walioandika wengi wana BMW M3 ya V8 (injini ya S65) au M5 ya V10 (S85). Wachache wana M3 ya zamani yenye S54. Majibu yanafaa pia kwa injini nyingine zinazopenda kuzunguka sana, ilimradi vipimo vya mwisho uvichukue kwenye kitabu cha injini yako.

SWALI: Nina M3 ya mwaka 2009. Haigongi, haili oili kupita kiasi, na taa ya presha ya oili haijawahi kuwaka. Kwa nini kila fundi ninayekutana naye ananiambia nibadilishe beringi za konrodi? Kitu kizima unakibadilisha cha nini?

JIBU: Kwa sababu ukisubiri dalili umeshachelewa. Beringi ya konrodi ni vipande viwili vyembamba vya nusu duara vinavyoikumbatia shingo ya krenki. Injini ikizunguka, vipande hivyo havitakiwi kuigusa shingo kabisa. Kinachobeba mzigo ni utando wa oili, na pale mzigo unapokuwa mkubwa utando huo hubaki mikroni chache tu. Ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, shingo inaigusa beringi na beringi inalika kidogo. Hakuna kelele, hakuna taa. Kelele huja baadaye, nafasi kati ya shingo na beringi ikishapanuka kiasi cha konrodi kupata mwanya wa kugonga, na kutoka hapo hadi konrodi kutoboa bloku mara nyingi si mbali.

Sasa tazama mzigo wenyewe. S65 huruhusiwa kufika mizunguko 8,400 kwa dakika. Nguvu inayotokana na uzito wa pistoni na konrodi hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 7,000 kwenda 8,400 umeongeza mizunguko kwa asilimia 20, lakini nguvu hiyo imeongezeka kwa asilimia 44. Shingo ina kipenyo cha milimita 52, kwa hiyo katika mwendo huo uso wake unateleza ndani ya beringi kwa karibu mita 23 kila sekunde.

Kwa shingo ya ukubwa huo, wajenzi wa injini za kasi hupendelea nafasi ya oili ya kati ya milimita 0.039 na 0.052. Wengi waliopima S65 na S85 kama zilivyotoka kiwandani wamekuta nafasi ndogo kuliko hiyo, na oili inayotakiwa kupita humo ni nzito, 10W-60. Wapo wanaolaumu nafasi, wapo wanaolaumu oili, wapo wanaolaumu madereva wanaokanyaga injini ikiwa baridi. Sisi tunaona nafasi finyu ndiyo inayoinyima injini msamaha: makosa ambayo injini nyingine ingeyameza, hii inayalipia.

Kama huna rekodi ya kubadilishwa na gari limepita kilometa 100,000, zifungue. Seti ya beringi na bolti ni sehemu ndogo sana ya bei ya krenki, sembuse injini nzima. Wala si uzushi wa mafundi wanaotafuta kazi: kwenye E46 M3 (ile ya zamani yenye S54) za miaka ya mwanzo, BMW yenyewe iliita magari ikabadilisha beringi hizi.

SWALI: Kuna njia ya kujua hali ya beringi bila kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini)? Nimesikia kuna maabara zinazopima oili.

JIBU: Zipo, na zina faida, ila ujue kipimo hicho kinaona nini na hakioni nini. Maabara hutafuta chembe za metali zilizochanganyika na oili. Beringi za zamani za S65 na S85 zina tabaka za risasi, bati na shaba, hivyo risasi ikipanda kutoka sampuli moja hadi nyingine, tabaka la juu linalika. Shaba ikifuata, ujue tabaka la pili limefikiwa. Beringi za baadaye za injini hizohizo ni za alumini na bati, mabadiliko yaliyokuja na kanuni za Ulaya za kuondoa risasi kwenye magari. Kwa hizo, risasi kuwa sifuri hakukuambii lolote, na alumini ikionekana inaweza kuwa imetoka kwenye pistoni. Kwa hiyo kwanza jua gari lako lina beringi za aina gani.

Jambo la pili ni kwamba mashine ya maabara huona vizuri chembe ndogo sana, za chini ya mikroni 10 hivi. Vipande vikubwa, vile vinavyotoka beringi ikianza kubanduka, huipita bila kuonekana na kuishia kwenye filta. Ndiyo maana kila unapomwaga oili, kata karatasi ya filta, ikamue, itandaze juani. Vumbi la kijivu lisiloshikika ni la kawaida. Vijisahani vinavyong'aa, vyenye rangi ya shaba au fedha na visivyovutwa na sumaku, si vya kawaida.

Chukua sampuli oili ikiwa ya moto, katikati ya mmwagiko, si ile ya kwanza wala ya mwisho. Usifanye uamuzi kwa sampuli moja. Tatu mfululizo, kila moja ikiwa na kilometa zake zimeandikwa, zinaanza kusema kitu. Na majibu mazuri hayakupi cheti cha uzima: zipo beringi zilizotolewa shaba ikiwa wazi ilhali karatasi ya maabara haikuonyesha cha kutisha.

SWALI: Fundi amefungua na kunipa vipande 16 kwenye mfuko. Baadhi vina rangi ya shaba, vingine vimechanika mistari. Navisomaje?

JIBU: Kwanza kabisa, natumai kila kipande kimeandikwa namba ya silinda na kama ni cha juu au cha chini. Bila hiyo, nusu ya habari imepotea.

Kipande cha juu, kilichokaa upande wa konrodi, ndicho kinachopokea kishindo cha mlipuko. Cha chini, kilichokaa kwenye kepu (kifuniko cha chini cha konrodi), hubeba mzigo pistoni inapotaka kuendelea kupanda mwishoni mwa kutoa moshi huku konrodi ikiirudisha chini. Cha juu kikiwa kimelika sana na cha chini bado kizuri, fikiria mlipuko usio wa wakati wake, mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo, au oili isiyofika vizuri injini ikiwa baridi. Cha chini kikilika zaidi, tazama upande wa mizunguko ya juu kupita kiasi, hasa dereva aliyeshusha gia kimakosa.

Kwenye beringi za risasi na shaba rangi hueleza kina. Kijivu kisichong'aa, kilichoenea sawasawa, ni tabaka la juu likiwa zima. Tabaka hilo ni jembamba, mikroni 15 hadi 25 hivi, na chini yake kuna utando mwembamba zaidi wa nikeli kabla ya shaba. Kikijitokeza kidoa cha rangi ya shaba, beringi imemaliza kazi yake hata kama kidoa ni kidogo kama kucha.

Mistari inayozunguka kufuata mwendo wa krenki ni uchafu uliopita na oili. Pitisha ukucha, ukikwama basi uende ukaikague shingo pia. Kulika pembezoni pande zote mbili kunaashiria shingo isiyonyooka kati ya ukingo na ukingo. Kulika ukingo mmoja juu na ukingo wa upande wa pili chini, kwa mshazari, ni konrodi iliyopinda. Hapo beringi mpya peke yake ni kupoteza hela. Vipande vidogovidogo vilivyobanduka na kuacha mashimo yenye kingo kali ni uchovu wa metali. Weusi au buluu ni joto.

Geuza vipande utazame na mgongo. Mgongo unatakiwa kuwa safi na wenye mguso sawasawa. Ukiwa na madoa meusi ya oili iliyoungua, beringi haikubanwa vizuri, au kulikuwa na uchafu nyuma yake tangu ilipofungwa.

Beringi za alumini hazina shaba ya kukuonya. Zinaweza kulika vibaya na bado zikang'aa kama fedha. Hizo hupimwa unene kwa maikromita yenye ncha ya mviringo, katikati ya kipande, ukilinganisha na kipande kipya chenye alama ileile.

SWALI: Nina jeki, stendi nne imara na vifaa vya kawaida. Naweza kubadilisha mwenyewe bila kushusha injini?

JIBU: Unaweza. Kwenye S54, S65 na S85 beringi za konrodi hubadilishwa kutokea chini, injini ikiwa mahali pake. Beringi kubwa za krenki ndizo zinazodai injini itoke. Usianze kama huna spana ya toki (nguvu ya kukazia) iliyo sahihi, kipima nyuzi (digrii) za kukazia, na daraja la kuning'inizia injini kutokea juu. Jeki chini ya sampu haisaidii kitu, kwa kuwa sampu ndiyo inayotoka.

Kwa V8 nunua vipande 16 vya beringi na bolti mpya 16 za konrodi, gasketi ya sampu, filta, washa za bolti za kumwagia oili (sampu ya S65 ina mbili, usisahau ya pili), kilainishi cha kuunganishia injini, na oili. S65 huchukua lita 8.8, hivyo nunua 10. Mauntini za injini (mipira inayoishikilia) zikiwa za zamani zibadilishe sasa, maana njia ya kuzifikia utakuwa umeshaifungua.

Tenganisha betri. Nyoosha magurudumu na ufunge usukani usizunguke, la sivyo utepe wa umeme wa mkoba wa hewa utakatika. Mwaga oili, toa vifuniko na bamba la chini, ning'iniza injini, fungua nati za mauntini. Weka alama kwenye kiungo cha usukani na kwenye pembe za kiunzi cha mbele kabla ya kukigusa, kisha kishushe kikiwa juu ya jeki. Sampu itatoka, pamoja na bomba la kufyonzea oili na chochote kilicho njiani. Kabla ya kuosha sampu, pitisha kidole chini yake: mchanga wa metali uliolala pale ni ushahidi ambao hutaupata tena.

Konrodi zifunguliwe moja baada ya moja. Chukua ya kwanza, ifunge kwa toki yake yote, ndipo uende ya pili. Zungusha krenki kwa bolti ya puli, upande wake wa kawaida tu, mpaka shingo unayoitaka iwe chini. Plagi zikiwa nje itazunguka bila kukupinga. Andika namba na upande wa mbele kwa kalamu ya rangi, kamwe usigonge alama kwa patasi. Konrodi hizi zilitengenezwa nzima, kisha kepu ikavunjwa makusudi kwenye mstari, kwa hiyo uso wa kepu na uso wa konrodi vinaingiliana kama jiwe lililopasuka. Kepu ya silinda moja haitakaa kwenye nyingine, na hata yake ikigeuzwa nyuma mbele imeharibika, pamoja na konrodi. Usiuweke uso huo juu ya meza tupu, usiuparuze kwa msasa, usiufute kwa kitambaa kinachoacha nyuzi.

Kepu ikitoka, sukuma konrodi juu sentimita moja au mbili kwa mkono, ukilinda shingo kwa kipande cha plastiki laini, maana kingo za mvunjiko ni kali. Kipande cha juu kitelezeshe nje kwa kidole. Bisibisi humu haina kazi. Kagua shingo kwa taa na kwa ukucha. Ikiwa na mikwaruzo inayokwamisha ukucha, simama hapo.

Kwenye kupanga vipya ndipo wengi huharibu. Kalio la beringi ndani ya konrodi na mgongo wa beringi vinatakiwa kuwa vikavu na safi kabisa, bila tone la oili. Mgongo mkavu ndio unaobana na kupitisha joto, na chembe moja ya uchafu ikinaswa nyuma huinua beringi mbele yake na kukata utando wa oili pale pale. Kilainishi kipakwe upande wa ndani tu. Ncha za vipande huchomoza kidogo juu ya mstari wa konrodi. Zimekusudiwa hivyo ili kepu ikikazwa zibanwe. Usizipige tupa. Kama vipande vina rangi au herufi tofauti pembeni, hizo huonyesha unene, na mpangilio wake ufuate kitabu. Kama havina ulimi wa kujishikia, vipange katikati kwa jicho, nafasi sawa pande zote.

Bolti za kiwandani hukazwa kwa hatua: toki ndogo kwanza, kisha nyuzi. Zikivutwa hivyo hazirudii urefu wake kamili, ndiyo sababu hazitumiki tena. Vuta nyuzi kwa mkono mmoja mfululizo bila kusitasita. Ukisimama katikati, kuanza tena hukudanganya. Baada ya kila konrodi, itikise kushoto na kulia kwenye shingo: inatakiwa icheze kidogo. Zungusha krenki mzunguko mzima kwa mkono. Ikikaza ghafla, fungua ile uliyotoka kuifunga, usijiambie itazoea.

Ukimaliza kufunga vyote, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uzime koili, kisha piga stata si zaidi ya sekunde 10 kwa mara, ukiipumzisha, mpaka taa ya presha izime. Ndipo urudishe petroli na uwashe. Iache izunguke kwa wastani, isilale wala isingurume. Kagua mivujo, zima, pima oili upya. Gari lipelekwe kwenye upimaji wa magurudumu kwa kuwa kiunzi kilishushwa. Oili na filta hizi za kwanza zimwage mapema, kwenye kilometa 1,000 hadi 2,000, ukate karatasi ya filta kama kawaida.

SWALI: Nilipima kwa Plastigage ya kijani (uzi laini wa plastiki unaobanwa ili upana wake uonyeshe nafasi), upana ukaangukia kati ya 0.025 na 0.038. Nimeshauriwa niagize beringi zenye nafasi zaidi na bolti imara za kampuni ya ARP. Nifanye hivyo?

JIBU: Kwanza hakikisha kipimo. Plastigage ya kijani hupima kutoka milimita 0.025 hadi 0.076, hivyo wewe uko karibu na mwanzo wa kipimo chake, mahali ambapo kusoma upana ni kukisia. Je, shingo na beringi vilikuwa vikavu? Bolti zilikazwa hadi mwisho? Krenki haikusogea hata kidogo? Moja ikikosekana, rudia. Kwa kupimia tumia bolti za zamani za aina ileile, mpya zisubiri kufunga.

Namba ya kuamini hutoka kwenye maikromita na geji ya tundu: kipenyo cha shingo sehemu mbili kwa urefu na pande mbili kwa mzunguko, kisha tundu la konrodi likiwa na beringi ndani na bolti zimekazwa. Tofauti ya namba hizo ndiyo nafasi.

Beringi zenye nafasi ya ziada zipo. Watengenezaji wengi huzitambulisha kwa herufi X, nazo huongeza karibu milimita 0.025. Kwa injini iliyokuja na nafasi finyu namna hiyo, sisi tungezitumia, mradi vipimo vyako vya maikromita vijumlishwe na nyongeza hiyo visipite kiwango cha juu unachokikusudia. Kuagiza kwa kubahatisha ni kuhamisha tatizo.

Kuhusu bolti, tuna tahadhari kubwa zaidi. Bolti zenye nguvu tofauti hubana kepu kwa nguvu tofauti, na tundu la konrodi linaweza kuacha kuwa duara. Konrodi ya kuvunjwa haiwezi kurekebishwa kwa kusaga kepu kama zile za zamani. Kwa hiyo ukitaka ARP ukiwa bado chini ya gari, pima tundu kwa bolti hizo kabla ya kufunga, tumia kilainishi chake, na ikiwezekana pima kurefuka kwa bolti badala ya kutegemea toki. Kama huna vifaa vya kupima hayo, bolti mpya za kiwandani hazijamwangusha mtu.

SWALI: Yangu imeshaanza kugonga. Nikiweka beringi mpya itatulia?

JIBU: Inaweza kutulia kwa muda, ndiyo hatari yake. Izime na uivute, usiiendeshe hadi gereji. Mlio wa konrodi kugonga ni mzito, huongezeka oili ikipata moto, na husikika zaidi unapoachia pedali kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000. Ule wa pistoni kucheza kwenye silinda husikika baridi na kupungua. Lakini usiendelee kuingurumisha ili ujithibitishie.

Injini iliyogonga inatakiwa itoke. Shingo imepigwa, tundu la konrodi huenda limekuwa yai, na unga wa metali umesambaa kwenye njia zote za oili, pampu, na mfumo wa kugeuza kamshafti. Kipoza oili kina mirija myembamba isiyosafishika kwa uhakika, kibadilishe. Krenki ikichongwa kwenda saizi ya 0.25 au 0.50, uliza kwanza kama uso wake uliimarishwa kiwandani na kama karakana inaweza kuuimarisha tena.

SWALI: Baada ya kubadilisha, niendelee na 10W-60 au nishuke hadi 5W-40?

JIBU: Ukiacha nafasi ya kiwandani, kaa kwenye oili iliyoandikwa kwa injini hiyo na ufupishe muda wa kumwaga, kilometa 10,000 kwa gari linalokimbizwa ni nyingi. Ukiongeza nafasi, sababu ya kushuka inapungua zaidi, kwa kuwa utando kwenye nafasi pana unahitaji oili yenye mwili. Wanaohama kwenda nyepesi waangalie uzito wa oili ikiwa moto na chini ya msuguano mkali (kipimo kiitwacho HTHS), si namba ya kwanza kwenye kopo. Oili yenye 3.5 kwa kipimo hicho na 10W-60 si watu wa mtaa mmoja.

Kinacholinda zaidi ni mguu wako. Maji hupata joto mapema kuliko oili, kwa hiyo usidanganywe na geji ya maji. Kwenye E46 M3, E90 M3 (ya V8) na E60 M5 (ya V10) kuna taa kwenye saa ya mizunguko zinazozima moja moja kadiri oili inavyopata joto. Mpaka zizime, baki chini ya 4,000 na usikanyage pedali hadi chini, hata kwenye mizunguko midogo. Gari lisilo na taa hizo lipewe geji ya joto la oili, na 80°C ndiyo ruhusa.